Sawa ya Bi Povu

Dada yangu alishuka kwenye basi na begi moja la nguo na katoni mbili za sabuni, na hata kabla hatujasalimiana akaniambia, "Wanasema mimi si Bi Povu tena."

"Nani wanasema?"

"Kampuni. Wanasema jina ni lao. Nikiliweka kwenye sabuni yangu, nimeiba."

Nilimpokea katoni moja, nzito kama tofali, nikamwambia tutaongea nyumbani. Pale kituoni watu walikuwa wanasukumana na mimi sipendi kukasirika nikiwa nimebeba mzigo.

Dada yangu anatengeneza sabuni ya kufulia. Jina la Bi Povu alipewa na majirani tulipokuwa wadogo, kwa sababu mama akimtuma kufua alikuwa anasugua sabuni mpaka povu linamwagika nje ya beseni, linashuka ngazi, linaingia kwa watu. Jina likamganda. Alipoanza biashara hakuhangaika kutafuta jingine. Huko anakoishi mtu haendi dukani kuomba sabuni, anasema nipe Bi Povu. Watoto wa shule wanamwamkia hivyo. Kwenye familia wana utani wao kwamba povu la sabuni lilimwendea yeye na la mdomoni likaja kwangu. Sibishi.

Kampuni yenyewe ni ya nchi jirani. Walikuwa wanachukua sabuni yake na kuiuza kwao, biashara ikaenda vizuri, wakatiliana saini karatasi. Mwisho wa karatasi kulikuwa na mstari mmoja unaosema kwamba wakikosana, watakuja kuamuliwa kwenye kituo cha usuluhishi wa biashara katika jiji ninaloishi mimi. Dada hajawahi kuuza hata kipande kimoja cha sabuni hapa. Kampuni nayo haina hata duka. Lakini ndivyo mikataba yote ya upande wetu inavyoandikwa. Wa kaskazini akimuuzia wa kusini, wakikosana wanapanda basi au ndege wanakuja kugombana kwetu, kwa sababu kwetu ndiko kuliko na mahakama ya biashara, mabenki makubwa, watu wa bima, maghala na reli. Tumekuwa kama sebule ya majirani. Kila mwenye ugomvi wake anakuja kuumalizia kwenye viti vyetu.

Na jiji linajivunia hilo. Mtaa mzima kule juu ni wa sheria. Chini kuna maduka ya kutoa kopi, wachonga mihuri, mafundi wanaoning'iniza majoho meusi ya mawakili mlangoni kama popo. Juu kuna ofisi za vioo. Kila asubuhi unawaona wageni na mafaili kifuani wakiuliza njia, na kila mmoja ana sura ya mtu aliyeambiwa kwamba hapa ndipo haki ilipo. Mimi hupita mtaa huo nikienda kazini. Nina diploma ya ugavi na kazi yangu ni kugomboa mizigo ya watu forodhani. Nilikuwa najivunia pia. Nilikuwa nawaambia wateja, ninyi andikeni tu jiji letu kwenye mkataba, hapa mambo yananyooka.

Jioni hiyo dada alinieleza mezani, viatu amevua, miguu imevimba kwa safari.

"Meneja alinipigia simu nikiwa nakoroga. Unajua sabuni ikishaanza kushika huiachi. Nikaweka simu begani, nikabana na shavu. Akaanza. Mara soko limepanuka, mara kuna watu wanaiga, mara ni vizuri jina lisajiliwe na wao kwa sababu wao ni wakubwa, mimi nitengeneze tu. Anaongea kama redio. Mimi nakoroga."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Hukumwambia kitu kabisa?"

"Nilimwambia sawa."

Mume wangu, aliyekuwa anasikiliza taarifa ya habari kwa sikio moja, aligeuka. Mimi nikaweka kijiko chini.

"Dada. Sawa?"

"Sawa ya kusikiliza! Mtu anaongea, unamwitikia. Ungetaka ninyamaze kama jiwe aseme nina dharau? Nilijua akimaliza nitafikiri, halafu nimpigie. Kabla sijampigia, nikaletewa barua kwamba jina limeshasajiliwa hapa jijini, ni lao, na nimekubali kwa mdomo wangu mwenyewe. Simu wameirekodi."

Mwanamke amejenga jina kwa mikono inayochubuliwa na magadi ya sabuni, halafu anayang'anywa kwa neno ambalo sisi sote tunalitupa hewani siku nzima kama tunavyopumua.

Kwanza tulikuwa na wakili. Alikuwa kijana msafi, anaongea polepole, na ushauri wake ulikuwa mfupi: badilisheni jina, muendelee na maisha. Alisema tafsiri ya ile simu imefanywa na mtafsiri aliyeapishwa, imepigwa muhuri, inasema waziwazi kwamba dada alikubali, na yeye ameshaipokea bila pingamizi.

"Umeipokea?" nikamuuliza. "Uliisikiliza simu yenyewe kwanza?"

"Lugha ya shauri ni Kiingereza, mama. Kinachoangaliwa ni tafsiri."

"Sikukuuliza kinachoangaliwa. Nimekuuliza kama uliisikiliza."

Akaangalia saa yake.

Dada akasema taratibu, "Mwanangu, hilo jina unalotaka nibadilishe ni mimi. Wewe ukiambiwa ubadilishe pua utaanzia wapi?"

Tulimshukuru, tukachukua faili letu. Kanuni za kituo zinasema mtu anaweza kusimamiwa na yeyote anayemtaka. Nilizisoma zote kwenye kiti cha ofisini kwangu saa ya mapumziko, na zikanikera kwa jinsi zilivyoandikwa vizuri. Dada alinitaka mimi. Mume wangu akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia kama naweza kubishana na watu wa forodha, wakili mmoja hanitishi.

Sasa, hoja niliipata jikoni, na sitasema niliipata kwa akili. Usiku mmoja nilimwambia mume wangu, "Baba watoto, gesi imeisha. Asubuhi ukitoka mazoezini pitia mtungi." Akasema, "Sawa." Asubuhi akarudi na jasho lake, mikono mitupu. Mimi nimesimama na birika la maji baridi.

"Gesi iko wapi?"

"Gesi gani?"

"Si ulisema sawa?"

"Nilisema sawa, nimekusikia. Sikusema naenda."

Siku nyingine hapo pangechimbika. Siku hiyo nilimwambia, "Rudia."

"Mama watoto, samahani, nakwenda sasa hivi—"

"Usiende. Rudia ulivyosema."

Dada, aliyekuwa mlangoni na mswaki mdomoni, alicheka mpaka akapaliwa.

Chumba cha shauri kilikuwa ghorofa ya juu, baridi kama friji ya bucha. Meza ndefu, maji ya chupa, zulia linalomeza sauti ya viatu. Ukutani, kwa herufi za dhahabu, yameandikwa maneno ya kuwakaribisha wafanyabiashara wa nchi zote za kanda. Kwa Kiingereza tu.

Msuluhishi alikaa katikati, mzee wa nywele nyeupe na miwani ya kamba. Si mtu wa jiji letu. Wanamleta kutoka nchi nyingine kabisa ili asiwe na upande. Kulia kwake alikaa mkalimani, mwanamume mpole wa suti ya kijivu. Upande wa pili meneja wa kampuni na wakili wao, bwana mrefu mwenye tai nyekundu iliyokaza mpaka shingo imefanya mkunjo. Nilimnong'oneza dada kwamba nitamwita Tai.

"Kwa ile ya shingoni au kwa yule ndege anayekula mizoga?" akauliza.

"Tutaona akianza kuongea."

Naomba mtu anisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo damu yangu ilipochemka. Kabla hatujaanza, watu wote wa chumba kile walisalimiana kwa Kiswahili. Tai alimwamkia dada shikamoo. Msuluhishi alimuuliza mhudumu wa chai, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, kama mtoto wake amepona. Meneja alilalamika kwa Kiswahili kwamba kiyoyozi kinamuumiza. Halafu msuluhishi akagonga meza kwa kalamu, na sote tukawa hatukijui. Kiswahili kikatoka nje kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Kuanzia hapo dada akisema neno, Tai alikuwa ameshalielewa, meneja ameshalielewa, msuluhishi ameshalielewa, lakini wote walikaa wakimtazama mkalimani, wakisubiri waambiwe kwa Kiingereza kitu walichokwisha kukisikia. Watu wazima. Wasomi. Na nyuso zao hazikuonyesha hata aibu kidogo.

Msuluhishi alimtaka dada aongee kwa sauti. Mkalimani akamgeuzia kwa Kiswahili. Dada akasema, "Sawa."

"Anakubali," akasema mkalimani kwa Kiingereza.

Karani akaandika. Nikamwona anaandika.

Tai akasimama. Alisoma ile tafsiri yenye muhuri, kipande kile walichokichagua wao. Meneja anasema jina litasajiliwa na kampuni. Mwanamke anajibu: ninakubali. Meneja anasema yeye ataendelea kutengeneza, wao watauza. Mwanamke: ninakubali. Meneja anasema basi tumemaliza. Mwanamke: ninakubali. Kwa Kiingereza cha Tai dada yangu alisikika kama bibi harusi mbele ya msajili.

Akamgeukia. "Mama, mahali popote katika mazungumzo hayo, ulisema hapana?"

Dada alimsubiri mkalimani amalize, kwa adabu tu. "Hakuniuliza."

"Hakukuuliza?"

"Alikuwa ananieleza. Mimi nilikuwa namsikiliza. Angeniuliza ningemjibu."

"Kwa hiyo mtu akikueleza kitu usichokitaka, wewe unamwambia sawa?"

"Mwanangu, wewe unaongea na mimi sasa hivi mambo nisiyoyataka tangu asubuhi. Umenisikia nikikukatiza?"

Mhudumu wa chai alitazama trei yake. Mkalimani aligeuza, na Tai alingoja, na alipoletewa jibu kwa Kiingereza akatikisa kichwa kana kwamba amelisikia sasa hivi. Akasema kwamba biashara haiendeshwi kwa hisia. Wafanyabiashara wa nchi hizi zote, akasema, wanakuja jiji hili kwa sababu hapa neno ni neno. Likishatafsiriwa na kuthibitishwa, linasimama. Tukianza kuuliza kila mtu alimaanisha nini moyoni, akasema, hakuna mkataba utakaopona na hakuna mgeni atakayetuamini tena.

Alisema vizuri. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Hata mimi, kama mizigo yangu ingekuwa mle, ningetaka neno liwe neno.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeandaa Kiingereza changu usiku kucha, Kiingereza cha fomu za forodha, kigumu lakini kinasimama. Niliposimama kikanitoka chote. Nilimwona dada ameshika ukingo wa meza kwa vidole vyake vilivyobabuka, anatazama yale maandishi ya dhahabu asiyoyaelewa, na nikasema kwa Kiswahili.

"Mheshimiwa, mimi ni mke wa mtu. Tangu niolewe mume wangu ananiambia sawa. Lete gesi, sawa. Bomba linavuja, sawa. Mama yangu anakuja kukaa kwetu mwezi mzima, sawa. Kama sawa ni mkataba, naomba ukimaliza shauri hili uanze la kwangu, maana yule bwana ni wa kufungwa maisha."

Msuluhishi alicheka.

Hakutabasamu. Alicheka kwa tumbo, mabega yakapanda, miwani ikamshuka mpaka ikashikwa na kamba. Meneja naye akacheka, nadhani ana mke. Mkalimani ndiyo kwanza alikuwa anafungua mdomo.

"Usitafsiri," nikamwambia mkalimani.

Akafunga mdomo.

"Mheshimiwa, umecheka nini?"

Msuluhishi akarudisha miwani usoni. "Mama, elekeza hoja zako—" alianza, kwa Kiswahili, akajikatiza.

"Sijatafsiriwa bado. Mkalimani hajasema neno. Umecheka nini?"

Tai alikuwa ameshasimama na pingamizi lake. Lugha ya shauri, kanuni, heshima ya kituo. Aliongea Kiingereza kirefu. Nilimwacha amalize, kama dada angemwacha, halafu nikaendelea, na sasa sauti yangu ilikuwa imepanda na sikuwa na haja ya kuishusha.

"Mle ndani ya tafsiri kuna mtu anaitwa mwanamke anayesema ninakubali. Simfahamu. Dada yangu hajawahi kuongea hivyo. Simu ipo. Mnayo. Watu wote humu mna masikio yaliyolelewa na sawa hiyohiyo, mliisikia kwa mama zenu kabla ya meno. Halafu mnakaa hapa mnamsubiri mtu mmoja awaambie kwa Kiingereza ilimaanisha nini! Kesi za nchi zote zinaletwa hapa tuamue, na sisi tunajifanya viziwi. Mimi siombi huruma. Naomba simu ipigwe, tangu mwanzo, na usikilize kwa sikio lile lile lililocheka."

"Mama, kaa," msuluhishi akasema.

Nikakaa.

Tai alisema tafsiri ilikwishapokelewa na upande wetu. Ilikuwa kweli. Kijana msafi alikuwa ameipokea. Msuluhishi alifunua kanuni, akafunua tena, akaagiza mapumziko ya chai. Dada hakunywa. Alichukua kipakiti cha sukari kilichokuwa kwenye trei akawa anakizungusha.

"Umetoa povu," akaniambia.

"Nimeharibu?"

"Sijui. Lakini umetoa." Akanifuta jasho la mdomoni na ncha ya mtandio wake, kama alivyokuwa akinifuta makamasi. "Mdogo wangu, nikishindwa, nitaandika nini kwenye karatasi ya sabuni?"

Kwa mara ya kwanza tangu aje nilimwona hana utani.

Waliporudi, msuluhishi alisema kwa Kiingereza kwamba kwa kuwa dondoo lilikuwa fupi, ataisikiliza simu nzima ili aelewe mazingira yake. Tai alipinga. Msuluhishi akaandika pingamizi, akasema amelizingatia, na akamwonyesha karani kwa kidole spika iliyokuwa mezani.

Kwanza tulisikia mwiko. Kruu, kruu, mti juu ya bati. Halafu kuku. Halafu sauti ya meneja, na meneja mwenyewe akaanza kutazama kucha zake.

"Habari za huko, Bi Povu? Huku kwetu jua si mchezo."

"Sawa," ikasema sauti ya dada, iko mbali, shavu limebana simu.

"Watu wanaisifu sabuni, lakini na waigaji nao wamezidi."

"Ehee. Sawa."

Kruu, kruu.

"Sasa nataka nikueleze kitu kirefu kidogo. Upo? Halo? Upo?"

"Sawa."

Karani aliacha kuandika. Nilimtazama msuluhishi. Hakumtazama mkalimani. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa spika, macho amefumba, na midomo yake ilikuwa inachezacheza kidogo, kama mtu anayesikia kwa mbali watu wa kwao wakiongea.

Simu ikaendelea. Kila meneja alipovuta pumzi, dada aliitikia. Sawa ya kuvuta, sawa ya kuchoka, sawa ya mtu ambaye mikono yake iko kwenye jambo jingine. Kile kipande cha jina kikafika, nacho kikapata sawa yake, ileile ya jua. Na mwisho, "Basi tumemaliza, Bi Povu." "Sawa, haya. Wasalimie."

Karani akazima.

"Hiyo 'upo'," msuluhishi akasema, na alisema kwa Kiingereza, akimgeukia mkalimani, "kama 'sawa' ni kukubali, hapo alikubali nini?"

Mkalimani wa watu alifikiri kweli. Alikuwa mtu mwaminifu. "Alikubali kwamba yupo, Mheshimiwa?" akasema, na swali lilikuwa kwake mwenyewe.

Tai alisema mengi baada ya hapo. Sikuyasikiliza, na sikumwambia sawa.

Hukumu haikutoka siku ile. Dada alirudi kwake kwa sababu sabuni haijitengenezi, akaanza kufungia vipande kwenye karatasi nyeupe tupu mpaka ijulikane. Wateja wakadhani ni feki. Mmoja alimrudishia mlangoni, akamwambia yeye anataka Bi Povu. Akimwambia Bi Povu uso kwa uso.

Ilipokuja, ilikuja kwenye barua pepe, nikaifungua ofisini katikati ya mizigo ya watu. Kurasa nyingi. Nilitafuta mwisho kwanza, kama kila mtu. Hakukuwa na makubaliano. Jina linabaki la mtengenezaji. Kampuni ilifute kwenye rejesta.

Nilipiga kelele, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Halafu nikarudi kusoma mwanzo, na furaha ikaanza kuingia mchanga. Kulikuwa na sentensi inayosema kwamba msuluhishi alisikiliza sauti ya simu "kwa msaada wa mkalimani aliyeapishwa." Msaada gani? Yule bwana alikaa kimya wakati wote, mikono juu ya magoti! Kulikuwa na ukurasa mzima unaoeleza kwamba neno hilo la wenyeji lina utata, na kwamba wafanyabiashara wa kanda wanashauriwa kuwa waangalifu wanapolitumia katika mazungumzo ya kibiashara, au waliepuke. Neno la wenyeji. Aliyeandika hivyo alicheka kwa neno hilohilo mpaka miwani ikamdondoka. Lakini kicheko hakimo. Nilikitafuta kurasa zote.

Niliandika barua kituoni kuuliza ni lini watu watasikilizwa kwa lugha wanayogombana kwayo. Nilijibiwa kwa Kiingereza kwamba maoni yangu yamepokelewa. Nimeandika tena. Nitaandika mpaka wachoke wao.

Kijana wetu msafi, nimesikia, sasa anawafundisha wenzake kuhusu shauri hilo kwenye ukumbi wa hoteli. Wageni wa nchi zote wanakuja kusikiliza. Jiji linazidi kupata sifa.

Nilimpigia dada jioni ya siku ile hukumu ilipokuja, nikamsomea ule mwisho, nikiutoa Kiingereza kwenda Kiswahili polepole ili asikose kitu. Jina ni lako. Kampuni walifute. Chapisha karatasi zako. Nikasubiri. Upande wa pili nilisikia mwiko tu, kruu, kruu.

"Dada? Umenisikia?"

Kruu, kruu.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Mbona umenyamaza?"

"Nasikiliza."

"Nimekwambia umeshinda!"

"Nimesikia ulichosema. Nashukuru, mdogo wangu. Mungu akuweke." Na kweli sauti yake ilikuwa na kicheko ndani, na machozi kidogo. Lakini baina ya maneno yangu haikuwemo ile sawa yake, ile iliyokuwa inanibeba tangu utoto nikimsimulia chochote, mwalimu aliyenichapa, mchumba aliyenikimbia. Niliongea kama mtu anayeongea na ukuta. Nikamweleza habari za wajomba, za mtoto kufaulu, za baba watoto anayeleta gesi siku hizi kabla ya kutumwa. Kimya. Kila sentensi nilikuwa nasimama kuangalia kama simu imekatika.

"Wiki ijayo nakuja kukuona," nikasema mwishowe. "Sawa?"

Mwiko ukasimama.

"Sawa ya nini?" dada yangu akauliza. "Ya nimesikia, au ya nimekubali? Sema kwanza."